Mbona Wanarudi Nyumbani? Ugumu wa kitabu cha picha cha mbio za wanyama

Mtoto wa darasa la awali huku Pasua, Moshi, alikishika kitabu chetu akakikagua kimya kama fundi anayekagua tairi. Tuseme ukweli, hakikuwa kitabu bado. Kilikuwa dami: karatasi 6 za A4 zilizokunjwa katikati, jalada la manila, stepla mbili mgongoni. Kwenye jalada walijipanga duma, mbuni, twiga, tembo, sungura na kobe, kila mmoja na namba kifuani kama wale wakimbiaji wanaojaa barabara za mji wetu kila Kilimanjaro Marathon inapofika. Akafunua mara moja, akafunua mara ya pili, kisha akaniuliza: "Shangazi, mbona wanarudi nyumbani?"

Hakuna aliyekuwa anarudi nyumbani. Mbio zetu zilianzia Moshi mjini na kumalizikia Boma Ng'ombe, kwa barabara ya Arusha. Mchoraji, kijana aliyekulia kwenye kazi ya kuchora Tingatinga za kuuzia watalii, hakuwa amekosea kitu. Aliuweka Mlima Kilimanjaro nyuma ya wanyama, kilele cha Kibo kushoto na cha Mawenzi kulia, kama tunavyouona sisi tukisimama Pasua tukitazama kaskazini asubuhi mawingu hayajapanda. Ukiuweka mlima hivyo, Himo iko kulia kwako na Boma Ng'ombe iko kushoto. Basi wanyama wake wakakimbia kwenda kushoto, kama ramani inavyotaka.

Tatizo ni kwamba kitabu kina ramani yake. Sisi tunaosoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi, jicho letu huingia ukurasani kwa kushoto na kutokea kulia, na kona ya kulia ndiyo tunayoishika tukitaka kuendelea. Kwa hiyo kulia ni mbele, ni kesho, ni huko tunakokwenda. Kushoto ni tulikotoka. Mtoto ambaye hajui hata "ba be bi" huwa ameshalijua hilo, kwa sababu tu ameketi mapajani kwa mtu mzima akaona kurasa zikifunuliwa. Mnyama anayekimbilia kushoto, kwake, amesahau kitu nyumbani.

(Wazee wa Lamu na Pate walioandika tenzi zao kwa hati ya Kiarabu wangetucheka. Kwao mstari huanzia kulia. Kitabu hiki kingechorwa kwa hati yao, mchoraji wangu angekuwa sahihi tangu siku ya kwanza na mlima wake usingeguswa.)

Nikaipeleka kazi steshenari, kule mjini ninakotolea kopi. Kijana wa kompyuta akasema, "Hiyo ndogo sana, dada," akabofya, na picha zote zikageuka kama kwenye kioo. Wanyama sasa walikimbilia kulia. Lakini namba zao nazo ziligeuka, zikawa kama yale maandishi ya mbele ya gari la wagonjwa. Na mlima? Mawenzi akahamia kushoto, Kibo akaenda kulia. Mchoraji alipouona alicheka mpaka akakaa chini. "Umeuhamishia Kenya," akasema. Na ndivyo ilivyokuwa: mtu aliyesimama Amboseli akitazama kusini huuona mlima namna hiyo hiyo. Mtoto yeyote wa Moshi angejua kuna kitu hakijakaa sawa, hata kama asingeweza kusema ni kitu gani.

Tulichofanya mwishoni ni kuzigeuza mbio zenyewe. Zikaanzia Boma Ng'ombe, zikamalizikia Moshi. Mlima ukabaki wetu, wanyama wakaelekea kulia, na mchoraji akachora upya picha 11.

Hizo 11 nazo zina hesabu yake, na hapa ndipo watu wengi wanaotaka kutunga vitabu vya watoto hupotea. Wanaandika hadithi kwanza, ndefu wanavyopenda, halafu wanatafuta mahali pa kubandika picha. Kitabu cha picha hakitaki hivyo. Karatasi moja ikikunjwa katikati hukupa kurasa 4, kwa hiyo kitabu cha kubana stepla kinaweza kuwa na kurasa 16, 20, 24, lakini hakiwezi kuwa na 22 hata ukilia. Vile vya kurasa 32 unavyoviona kwenye maduka ya vitabu vimetokana na kukunja pia: karatasi kubwa hupigwa chapa kurasa 8 upande huu na 8 upande ule, ikakunjwa mara tatu ikawa na kurasa 16, na karatasi mbili kama hizo ndizo 32. Ukiwa na 24, ukurasa wa 1 unasimama peke yake upande wa kulia, wa 24 unasimama peke yake upande wa kushoto, na katikati unabaki na kurasa pacha 11, zile mbili mbili zinazotazamana. Hizo 11 ndizo uwanja wako wote. Mbio za kilomita zaidi ya 20 lazima zikae humo.

Na kila baada ya kurasa pacha kuna kitu ambacho radio haina, televisheni haina, bibi anayesimulia jikoni anacho kwa kunyamaza tu: mkono unafunua. Kwa nusu sekunde mtoto hajui kilichoko upande wa pili. Mtunzi anayejua kazi huweka swali chini kulia, kabla ya kufunua, na jibu juu kushoto, baada ya kufunua. "Sungura akapiga kona, akatazama nyuma, hakuona mtu. Akatazama mbele..." Hapo funua. Ukiiweka "akamwona kobe" kwenye ukurasa huo huo, picha iko pale pale, jicho la mtoto limeshafika kwa kobe kabla sauti yako haijafika. Mzaha umekufa. Hadithi ile ile, maneno yale yale, umeiharibu kwa kusogeza sentensi sentimita 10.

Sasa huyo kobe. Hadithi ya sungura na kobe wengi tumefundishwa kwa namna moja: sungura anajiona, analala njiani, kobe anajikokota anampita. Hiyo ni ya Kigiriki, ile inayohesabiwa katika ngano za Esopo, na imeingia katika vitabu vya shule mpaka tumeiona yetu. Lakini Afrika, sehemu nyingi, husimulia nyingine. Kobe hashindi kwa subira. Kobe huwapanga ndugu zake njiani, mmoja kwenye kona, mmoja kwenye mto, mmoja mwishoni, na kwa kuwa kobe wote wanafanana, mpinzani anakimbia mpaka anazimia akidhani anafukuzana na yule yule. Mimi hii naipenda zaidi. Sungura wa ngano zetu ni mjanja. Kumfanya mzembe anayesinzia ni kumdharau. Anayestahili kumshinda mjanja ni mjanja zaidi.

Tena ndiyo inayofaa kuchorwa. Ile ya kulala, picha haina la kuongeza: maneno yanasema sungura kalala, picha inaonyesha sungura kalala. Vitabu vyetu vingi vya watoto vimekwama hapo. "Juma anapanda mti," na picha ya Juma juu ya mti. Mtoto akishaitazama picha hana sababu ya kusoma, na akisoma hana sababu ya kuitazama. Kwenye hadithi ya ndugu wa kobe, maneno na picha vinaweza kuachana njia. Maneno yanaendelea kusema "kobe", umoja, kwa unyoofu kabisa, kwa sababu maneno yanamwamini kobe kama sungura anavyomwamini. Picha inasema vingine.

Mchoraji alilifanya hili kwa namna ambayo mimi nisingeifikiria. Kobe wetu ana namba 7. Ukurasa wa 4, namba hiyo imeshonwa vizuri, kitambaa cheupe, pini nne. Ukurasa wa 8, kobe "yule yule" amevaa namba 7 iliyoandikwa kwa mkaa kwenye kipande cha mfuko wa saruji. Ukurasa wa 14, namba 7 imening'inia kichwa chini, na gamba lina ufa ambao haukuwepo. Hakuna sentensi hata moja inayotaja mambo haya. Tuliposomea watoto kumi na kitu pale Pasua, aliyegundua kwanza hakuwa yule hodari wa kusoma. Alikuwa msichana wa nyuma, ambaye mwalimu alishaniambia "huyu bado". Alisimama, akaja mbele, akaweka kidole kwenye ufa. "Huyu si yeye."

Kuhusu miguu nitasema kidogo, ingawa ndiyo iliyotuchukua wiki. Mchoraji asiyeangalia huchora wanyama wote wakikimbia kama mbwa wa kwenye katuni: miguu ya mbele imenyooshwa mbele, ya nyuma imenyooshwa nyuma, tumbo hewani. Wachoraji wa Ulaya walichora farasi hivyo kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1878 huko California, Eadweard Muybridge alipopanga kamera mstarini na kumpiga picha farasi akikimbia. Ikaonekana kwamba farasi huwa hewani kweli, kwato zote nne, lakini wakati ule miguu imekusanyika chini ya tumbo, si wakati imenyooshwa. Duma ni habari nyingine. Yeye huruka mara mbili katika kila mzunguko wa hatua, mara amejikunja, mara amejinyoosha, kwa sababu uti wake wa mgongo unapinda na kukunjuka kama upinde. Kwa hiyo ule mchoro wa katuni, ambao ni uongo kwa farasi, kwa duma ni kweli tupu.

Tembo ndiye kinyume chake. Hata akienda kasi yake yote, kiasi cha kilomita 25 kwa saa, daima kuna mguu unaogusa ardhi. Tembo anayeelea hewani ni tembo aliyetupwa. Twiga akitembea hupeleka miguu ya upande mmoja karibu pamoja, ndiyo maana anayumba kama mtu aliyebeba ngazi. Akikimbia, ya nyuma hupita kwa nje na kutua mbele ya ile ya mbele. Na lile "goti" la mbuni linalokunjika kinyumenyume, si goti. Ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya. Nilipomwambia mchoraji hilo alifuta mbuni watatu bila kusema neno.

Kobe hana namna ya kuonyesha haraka, basi haraka yake huonyeshwa kwa mahali alipo kwenye karatasi. Mnyama aliyechorwa ukingoni kulia, pua inakaribia kutoka, anaonekana anakwenda kasi hata kama amesimama. Aliyechorwa kushoto ndiyo kwanza anaingia. Duma wetu hayuko kabisa kwenye kurasa za 6 na 7: kuna vumbi, majani yaliyolala upande mmoja, na ncha ya mkia kwenye ukingo wa kulia. Watoto walimshangilia mkia.

Mtu mmoja mzima, mtaalamu wa wanyama, aliniuliza kama haya mashindano yana mantiki yoyote. Nikamwambia yanategemea umbali, naye akakubali, kwa sababu hapo ndipo ukweli unapokuwa mtamu kuliko ngano. Mwaka 2012, duma aitwaye Sarah wa bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 5.95. Usain Bolt, alipokuwa Bolt kwelikweli, alitumia 9.58. Kobe mwenye kasi kuliko wote waliopimwa, aitwaye Bertie, alikwenda mita 5.48 kwa sekunde 19.59 huko Uingereza mwaka 2014. Kwa mwendo huo mita 100 zingemchukua kama dakika 6. Kwa hiyo duma akishafika, anywe maji, alale, aamke, kobe bado.

Lakini zile ni mita 100. Duma huwinda kwa mita mia chache tu, kisha anaketi akihema, hana tena kitu. Mpeleke kutoka Boma Ng'ombe kuja Moshi, hata Kwa Sadala, hapo njiani, hafiki na mbio zile. Mbuni, anayeweza kugusa kilomita 70 kwa saa na kushikilia mwendo mkali kwa muda mrefu, ndiye ambaye kwa haki angeingia Moshi wa kwanza. Kobe angetembea mchana na usiku bila kula. Tukaamua haya yote yaingie: duma anaongoza mwanzo, kurasa za 10 na 11 yuko chini ya mgunga ulimi nje, mbuni anampita. Mtoto atakayeuliza "kweli?" ataambiwa kweli. Uongo ni wa kobe peke yake, na una sababu.

Kiswahili nacho kinakimbia, tukikiacha. Rasimu yangu ya kwanza ilijaa "alikimbia": duma alikimbia, twiga alikimbia, hata kobe alikimbia, masikini. Wakati tuna kutimka, kuchomoka, kutoka nduki, kukata mbuga, kujikongoja, kujikokota, kusota. Na tuna -ka-, injini ya hadithi. "Sungura alitoka, alipita, alipinda" ni taarifa ya polisi. "Akatoka, akapita, akapinda, akapotea" ni mbio, kila neno linalisukuma lenzake. Tahadhari ni moja: neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima, na mtoto anayesoma kwa silabi akikutana na "wakakimbizana" anapumzika katikati kama duma. Tuliweka neno refu moja tu kwa kurasa pacha, na tulilipa mstari wake peke yake.

Ya kiwandani nayapitia haraka. Rangi za mafuta za Tingatinga, zile za bati na baiskeli ambazo Edward Saidi Tingatinga alizipaka kwenye vipande vya mbao Dar es Salaam miaka ya 1960, hung'aa. Ukizipiga picha zinarudisha mwanga wa taa usoni, na ule ukijani wake mkali haupatikani kwa wino nne za mtambo wa kuchapia. Chora kwa rangi isiyong'aa, au ukubali kijani kilichopoa. Acha milimita 3 za ziada kila upande, maana mashine ya kukata haina huruma: dami ya pili ilimkata mbuni mdomo pale pale kwenye utepe wa ushindi. Na usipitishe shingo ya twiga kwenye mkunjo. Tulipitisha, mkunjo ukaimeza, mtoto akauliza aliyemkata twiga kichwa ni nani. Picha ndefu ya wanyama wote iweke kurasa za 12 na 13, katikati kabisa ya kitabu cha kurasa 24, kwa sababu hapo tu ndipo kurasa pacha ni karatasi moja kweli. Kwingine kote ni nusu mbili za karatasi tofauti zilizokutanishwa na stepla, na haziachi kupishana kidogo.

Tulichogombania zaidi ni mwisho. Mtu mmoja aliyetusaidia alitaka ukurasa wa mwisho uandikwe "Hadithi hii inatufundisha kwamba..." Nilikataa, na nilikuwa na sababu mbili za kwetu. Huku kaskazini tumetoa mkimbiaji aliyetoka mbele tangu mlio wa bastola na kubaki mbele: Filbert Bayi wa Karatu, Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, 1974, rekodi ya dunia ya mita 1500. Hakulala njiani. Na tumetoa John Stephen Akhwari wa Mbulu, ambaye kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico, 1968, aliumia goti akaingia uwanjani wa mwisho kabisa, na dunia ikamkumbuka yeye kuliko wengi waliomtangulia. Nifundishe lipi? Kwamba polepole ndiyo mwendo? Muulize Bayi. Kwamba wa kwanza ndiye mshindi? Muulize Akhwari. Na kobe wetu, kusema kweli, kaiba. Watoto wa Pasua walilisema hilo kwa sauti kubwa, nusu yao wakamtetea, na mabishano yakaendelea mpaka kengele ya uji.

Ukurasa wa 24, ule unaosimama peke yake kushoto, tuliuacha bila neno. Ni jioni, mlima nyuma, Mawenzi ameshaanza kufunikwa. Kobe wanatembea kwa mstari, namba zao wamezikunja kwapani, na kwa mara ya kwanza katika kitabu kizima wameelekea kushoto. Yule mtoto wa swali la kwanza aliukazia macho. "Hawa sasa ndio wanarudi nyumbani," akasema. Akawahesabu kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, wanne. Akanitazama. Kisha akaanza kufunua kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kumtafuta yule wa nne.